Bonasi, Familia na Gari Dogo: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kununua

Mazungumzo kwa wakazi wa Sotik



Kila mwaka bonasi ya chai inapokaribia, Sotik huwa na mazungumzo ya aina moja. Huanzia kwenye kituo cha kununulia majani chai, hupita kwenye foleni ya maziwa, na jioni huingia nyumbani. Je, mwaka huu familia inunue gari? Swali ni zuri. Lakini pesa zinazozungumziwa ni jasho la mwaka mzima, wakati mwingine la miaka mitano au sita, na wapo waliozipoteza kwa mchana mmoja tu.

Basi ichukuliwe familia ya mfano. Mume ni mwalimu. Mke anasimamia chai na ng'ombe wawili. Watoto ni watatu, na nyumbani yupo nyanya anayepelekwa kliniki Kaplong kila mwezi. Boma lao liko ndani ya Kapletundo, mbali na lami. Mume ana picha ya Premio nyeupe kwenye simu yake, na humwonyesha kila mtu. Mke ameiangalia mara moja akauliza, "Na mwezi wa nne itapita wapi?"

Swali la mke litarudiwa. Kwanza, kuna magari ya aina tatu ambayo familia kama hii huyaona sokoni, na watu wengi huyachanganya. Kuna gari jipya kabisa kutoka kwa wakala. Kuna gari lililotumika ng'ambo, hasa Japani, likashushwa Mombasa. Na kuna lile lililokwisha kutumika hapa Kenya, linalouzwa na mwenyewe au na yadi.

Gari jipya lina sifa zake. Linakuja na dhamana ya mtengenezaji, halina historia ya ajali, na anayelinunua ndiye mwenye kwanza. Ila bei yake inaweza kupita maradufu ya gari la namna hiyohiyo lililotumika miaka saba, na ili dhamana isivunjike ni lazima lihudumiwe na wakala, si na fundi wa karibu. Kwa shirika au mfanyabiashara mkubwa hesabu hiyo yaweza kukubali. Kwa mwalimu na mkulima wa Kapletundo haikubali, na hakuna aibu kusema hivyo.

Gari la ng'ambo lina sheria yake. Kiwango cha Kenya, KS 1515, kinachosimamiwa na shirika la viwango KEBS, hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026 hiyo ina maana ya gari lililosajiliwa 2019 au baadaye, tena lenye usukani upande wa kulia. Kabla ya kupakiwa melini, gari hukaguliwa huko huko na kupewa cheti cha kufaa barabarani. Mnunuzi ana haki ya kukiona cheti hicho.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Toyota iliacha kutengeneza Premio na ndugu yake Allion mwaka 2021. Kwa hesabu ya miaka minane, mwaka wa mwisho wa kuziingiza nchini utakuwa 2028. Zinazobaki huko Japani zinapungua, na wanaozitaka Kenya hawapungui, kwa hiyo bei yake haina sababu ya kushuka. Anayeona Premio ya ng'ambo inauzwa kwa bei ya chini mno kuliko nyingine zote ana haki ya kushangaa kabla ya kufurahi. Zipo pia Nissan Sylphy, Mazda Axela na Subaru Impreza G4, ambazo ni magari mazuri ya familia. Swali ni kama fundi wa Sotik au Litein anazijua, na kama vipuri vyake vinapatikana bila kuagizwa Nairobi.

Ukubwa wa injini una gharama inayoanzia bandarini. Gari la ng'ambo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, na asilimia 25 ikizidi hapo. Kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo yote. Halafu kuna ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2. Tuseme thamani ya forodha ni Sh600,000. Gari la cc 1500 litalipiwa kodi ya Sh554,520. La cc 1800 lenye thamani hiyohiyo litalipiwa Sh601,500. Tofauti ni Sh46,980, na petroli bado haijanunuliwa. Ifahamike pia kwamba kwa gari lililotumika, mamlaka ya kodi KRA haifuati risiti ya muuzaji wa Japani. Hufuata orodha yake ya bei na kupunguza kulingana na umri wa gari. Viwango hivi hubadilika na sheria za fedha, kwa hiyo hesabu ifanywe upya wakati wa kununua.

Gari lililotumika Kenya halina kodi hizo, kwani zilikwisha lipwa. Hapo ndipo watu hudanganywa na namba. Herufi za kwenye namba, ziwe KC au KD, zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Kenya. Hazisemi lilitengenezwa lini. Gari lililopewa namba ya KDA mwaka 2020 linaweza kuwa la 2013. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kitabu cha umiliki, ambacho kila mtu hukiita logibuku, na huko ndiko kwa kuutafuta.

Sasa swali la mke. Premio tupu ina nafasi ya takriban sentimita 16 kati ya ardhi na tumbo la gari. Wakiingia watu watano, na kwenye buti kukawekwa gunia la mahindi na mtungi wa gesi, nafasi hiyo inapungua. Kati ya Machi na Mei, barabara za udongo za Ndanai, Kapletundo na Manaret hugeuka kuwa mitaro miwili yenye kigongo katikati, na kigongo hicho ndicho kinachogonga sampu ya oili. Mnunuzi mwenye busara huazima gari la aina anayoitaka, au humkodi mwenye nalo, akalipitisha njia ya nyumbani kwake likiwa na mzigo. Afanye hivyo siku ya mvua. Jua la Januari halimwambii kitu. Wapo wanaoliinua gari kwa speisa. Inasaidia, lakini kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua kupanga upya magurudumu, la sivyo tairi huliwa upande mmoja na gari huyumba kwenye kona. Na kama njia haipitiki hata hivyo, basi pengine saluni si gari la boma hilo. Probox haikupendwa Sotik kwa uzuri wa sura.

Gari likishachaguliwa, fundi aende na mnunuzi, na awe fundi wa mnunuzi, si yule anayependekezwa na dalali. Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji ambaye kila mara huwa amekwisha kuiwasha "ili ipate moto kidogo" huenda anaficha mlio wa asubuhi. Moshi wa buluu unaonyesha oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha unaonyesha maji yanaingia ndani ya injini. Zulia liinuliwe, na tope kavu chini yake lisichukuliwe kwa wepesi, kwani gari lililowahi kuzama majini huharibika umeme polepole. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi iwake ufunguo unapofunguliwa, kisha izime. Isipowaka kabisa, yawezekana balbu imetolewa ili kuficha hitilafu. Kwa gari la ng'ambo, iombwe karatasi ya mnada wa Japani. Herufi R kwenye daraja lake ina maana ya gari lililotengenezwa baada ya ajali, na kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na za kwenye dashibodi.

Premio na Allion za miaka hii, na nyingi za wenzao, zina giaboksi ya CVT. Giaboksi hiyo ina oili yake maalumu. Fundi akiijaza oili ya giaboksi ya kawaida huiua, na kuibadilisha ni pesa zinazokaribia bonasi ndogo. Mwenye kuuza aulizwe nani alibadilisha oili hiyo, lini, na risiti iko wapi.

Yote hayo ni ya chuma, na chuma hutengenezwa. Karatasi ndizo zinazoangusha familia. Mtindo unajulikana. Gari ni safi, bei imepunguzwa kwa sababu muuzaji "anasafiri", na logibuku "iko Nairobi, italetwa wiki ijayo". Pesa zinatumwa, mkono unapeanwa, watoto wanapanda. Baada ya miezi miwili anafika mtu mwenye barua ya mkopeshaji, kwa sababu gari lilikuwa dhamana ya mkopo ambao haukulipwa, na linavutwa kutoka uani nyanya akitazama. Mnunuzi anabaki na mkataba wa karatasi moja na namba ya simu isiyopatikana.

Kinga yake haihitaji wakili mkubwa. Kupitia eCitizen, katika huduma za NTSA, mtu yeyote anaweza kuomba rekodi ya gari kwa kutumia namba yake ya usajili, kwa ada ndogo. Rekodi hiyo humtaja mwenye gari. Jina la benki au chama cha akiba likionekana pamoja na la muuzaji, gari hilo lina deni, na aliyeandikwa humo ndiye wa kuzungumza naye. Tangu sheria ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka 2017, kuna pia daftari la dhamana chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na mikopo mingine huandikwa huko. Yatafutwe yote mawili. Kisha namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma isomwe kwa macho na kulinganishwa na rekodi, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye yadi, gari lisilo na namba bado lionyeshewe ushahidi wa kodi iliyolipwa.

Malipo yaende kwenye akaunti ya mtu yuleyule aliyetajwa kwenye rekodi. Si ya shemeji yake wala ya dalali. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake na kukubaliwa na mnunuzi katika yake, na pande zote mbili zinaweza kufanya hivyo zikiwa zimekaa meza moja siku ya malipo. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14. Hili linawahusu wauzaji pia, maana sheria hiyohiyo humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyeuza gari bila kuhamisha jina, likaja kugonga mtu Chebilat, ndiye atakayetafutwa kwanza.

Limebaki la mkopo. Wengi hupanga kulipa kwa bonasi. Lakini mwaka 2025 bonasi ilishuka magharibi mwa Bonde la Ufa, na wakulima wa Bomet na Kericho wakalalamika kwa sauti kubwa. Mkopeshaji hakupunguza makato kwa sababu hiyo. Kwa familia ya mfano, makato ya kila mwezi yanapaswa kutoshea ndani ya mshahara na maziwa peke yake. Bonasi ikija, ipunguze deni. Isiwe ndiyo nguzo ya deni. Mkopeshaji pia hudai bima kubwa, ambayo ni asilimia kadhaa ya thamani ya gari kila mwaka, wakati anayelipa taslimu anaweza kuanza na bima ya mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha kwa kila gari. Tofauti hiyo iingizwe kwenye hesabu kabla ya kutia sahihi, pamoja na tairi nne, betri, na petroli kwa bei ambayo EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi.

Kwa mizani hiyo, familia ya Kapletundo haihitaji Premio nyeupe ya cc 1800 iliyo kwenye simu ya mume. Inayowafaa zaidi ni ya cc 1500, iliyotumika Kenya na mwenye mmoja, mwenye risiti za gereji, hata kama rangi imepauka na bampa lina mkwaruzo. Pesa zitakazobaki zinunue tairi mpya na kifuniko cha chuma cha kukinga sampu. Mume anaweza kununa wiki moja.

Asiye na simu ya intaneti, au anayeogopa kukosea kwenye eCitizen, anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre mjini Bomet. Aende na kitambulisho chake, PIN ya KRA, na namba ya usajili ya gari analolitaka, na aende kabla ya kutoa malipo ya kwanza, hata yale yanayoitwa ya kushikia gari.