Adabu ya Karani Kazini

Maneno yaliyosemwa Migato mbele ya wazee, walimu na makarani wa vyama vya ushirika

Tumeombwa tuseme machache juu ya jinsi impasavyo mtu kuenenda kazini hata akapata cheo. Wengi wadhani ya kuwa cheo huja kwa elimu peke yake. Elimu ndiyo imwingizayo mtu ofisini, lakini twaona wengi wenye elimu waliotoka upesi kwa sababu ya mwenendo wao.

Hatuendi mbali kutafuta mfano. Katika nchi hii ya Usukuma mali yetu kubwa ni pamba, na kazi ngumu ya karani ni ile ya mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliona mashaka juu ya mizani za wanunuzi, wakasema ratili zao zapungua. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame penye magulio na kuhakikisha uzito. Kwa kazi hiyo, na kwa juhudi za watu kama Bwana Paul Bomani, vyama vya wakulima vikastawi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Chama kikubwa namna ile kilianza kwa uaminifu wa watu waliosimama kando ya mizani.

Lakini sikilizeni na mwisho wake. Mwaka 1966 Serikali iliweka kamati kuvichunguza vyama vya ushirika vya nchi nzima. Ikaona, pamoja na mambo mengine, ya kuwa watumishi wengine hawakuwa waaminifu, na wengine walipewa kazi kwa ajili ya udugu wala si kwa ujuzi. Mwaka 1968 Federation ile ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa Nyanza Co-operative Union.

Basi, karani afanyeje? Anao watu wa namna tatu: mkubwa wake, wenziwe, na jamaa zake.

Kwanza, mkubwa wake. Yampasa amheshimu, afike kwa saa yake, na afunge hesabu za siku kabla ya kwenda zake. Lakini heshima si kuitikia kila neno. Mkubwa akikosea hesabu, usimwaibishe mbele ya wakulima. Ngoja watu watoke, kisha mwendee na daftari mkononi umwonyeshe tarakimu. Na akikuamuru kuandika uzito usio wa kweli, kataa kwa upole. Akizidi, peleka neno lile kwa halmashauri ya chama. Hatuwafichi ya kuwa huenda ukachukiwa, hata kazi ikawa mashakani. Lakini siku pamba itakapopungua ghalani, atakayeulizwa ni mwenye saini.

Pili, wenziwe. Ampelekeaye mkubwa fitina za wenziwe hatapendwa na yeyote, na mkubwa mwenyewe atamwogopa. Mgeni wa kazi afundishwe, wala asichekwe. Mababu zetu walilijua jambo hili: vijana walilima mashamba kwa zamu, chini ya mkubwa wao, nsumba ntale, na sheria ya jembe ilikuwa moja kwa wote. Ofisini na iwe hivyo hivyo.

Tatu, jamaa zake, na hapa ndipo penye taabu. Mjomba wako aja na pamba yenye maji na mchanga, ataka iandikwe safi, na hali ni fifi. Umekula ugali wake. Labda ng'ombe wake aliuzwa upate ada ya shule. Utamwambiaje? Msalimu kwa adabu, mpe kiti, useme: “Mjomba, tuianike pamba hii na kuichambua; nikimaliza kazi nitakuja kukusaidia.” Deni lako kwake ulilipe kwa mikono yako na kwa mshahara wako; daftari ni mali ya watu. Kwa maana kiwandani pamba hupimwa tena, na upungufu hukiangukia chama. Kilo moja ya maji uliyompa mjomba umeitoa katika kikapu cha mjane aliyesimama nyuma yake.

Nanyi wazee, twawaomba neno moja. Kijana akikataa jambo la namna hii, msimwite mwenye kiburi, wala msiseme ya kuwa elimu imemharibu na kumsahaulisha kwao. Mkimlazimisha leo awapendelee ninyi, kesho atawapendelea wengine juu yenu, nanyi hamtakuwa na kinywa cha kulalamika. Afadhali mmsifu mbele ya watoto, wapate kujua ya kuwa kwao ni mahali pa watu wa kuaminiwa.

Vijana, cheo huja polepole, kama haba na haba ijazavyo kibaba. Anayetafutwa kushika kazi kubwa ni yule ambaye mkulima humwachia mzigo wake penye mizani, akaenda kunywa maji bila wasiwasi.