Uwanja wa Mashimo Tisa

Leo nitawaeleza habari za mchezo ambao wengi wetu huku Tunduma, Vwawa, Mlowo na Ileje hatujapata kuucheza, nao ni mchezo wa gofu. Najua wapo watakaosema, "Mwalimu huyu ana nini leo? Sisi tuna malori, tuna kahawa, tuna mahindi. Gofu yatuhusu nini?" Nawaomba mnivumilie. Sikusudii kuwafanya kuwa wachezaji. Nataka kuwaonyesha uwanja mmoja wa zamani, mdogo, na sababu ya watu kuupenda mpaka leo ijapokuwa vipo viwanja vipya na vikubwa zaidi. Mwisho wa somo mtaona kama jambo hili latuhusu au halituhusu.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, na fimbo za namna mbalimbali zisizozidi 14. Husimama mahali pa kuanzia, akaupiga mpira kuelekea bendera iliyosimikwa mbali, pengine mita 150, pengine mita 400 au zaidi. Chini ya bendera pana shimo la duara lenye upana wa milimita 108, ambalo kikombe cha chai chaweza kukaa ndani yake. Akiisha kuutumbukiza mpira humo, huhesabiwa mikwaju aliyopiga, kisha huenda kwenye shimo linalofuata. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Kwa kawaida hapana refa wa kupuliza filimbi kila hatua. Katika mashindano mwenzako hukuandikia hesabu yako, nawe hutia sahihi kuwa ni kweli. Kwa hiyo mtu mwongo hujulikana upesi sana katika gofu.

Uwanja mkubwa una mashimo 18, nao huhitaji ardhi nyingi, hekta 50 au zaidi. Uwanja mdogo una mashimo 9, na ardhi yake ni kama nusu ya hiyo. Duru moja ya mashimo 9 huchukua muda wa saa mbili hivi, kwa hiyo mtu aliyetoka kazini saa 10 alasiri aweza kucheza na kurudi nyumbani kabla ya giza. Akitaka kutimiza mashimo 18, hufanya jambo jepesi: akimaliza la tisa hurudi la kwanza, akauzunguka uwanja tena. Katika viwanja vingi vya namna hii huwekwa mahali pawili pa kuanzia kwa kila shimo, pamoja pa duru ya kwanza na pengine pa duru ya pili, hatua kadhaa kando au nyuma. Bendera ni ile ile, lakini njia ya kuifikia imegeuka.

Labda mtadhani uwanja wa mashimo 9 ni uwanja uliopungukiwa, kama nyumba iliyokosa fedha za kuezekea upande wa pili. Sivyo. Tutazame historia. Mchezo huu kama uchezwavyo leo ulikulia Uskoti. Katika mji wa St Andrews wachezaji walikuwa wakienda mbele kando ya bahari kwa mashimo 11, kisha hugeuka na kurudi kwa njia ile ile, wakiyacheza mashimo yale yale kwa kurudi nyuma, jumla 22. Mwaka 1764 mashimo manne ya kwanza yaliunganishwa yakawa mawili. Basi kwenda kukawa 9 na kurudi 9, jumla 18. Hiyo ndiyo asili ya hesabu ya 18 ambayo dunia nzima inaifuata. Kumbe hata uwanja ule mashuhuri ulianza kwa watu kwenda, kugeuka, na kurudi juu ya nyayo zao wenyewe!

Tena, mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza yalipoanza mwaka 1860 huko Prestwick, uwanja ulikuwa na mashimo 12 tu, na wachezaji waliuzunguka mara tatu kwa siku moja. Na Musselburgh, karibu na mji wa Edinburgh, ulikuwa na mashimo 9, nao ulipokea mashindano hayo mara sita kati ya mwaka 1874 na 1889. Uwanja huo wa Musselburgh bado unachezwa. Basi udogo si aibu katika mchezo huu.

Mchezo ulifika Afrika Mashariki pamoja na wakoloni. Uwanja wa Entebbe, Uganda, ulianzishwa mwaka 1901. Huko Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, upo uwanja wa mashimo 9 uliopata sifa kwa sheria yake moja ya pekee: mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aruhusiwa kuuokota na kuuweka pengine bila kuhesabiwa mkwaju. Ndugu zetu wa Momba wanaoishi kuelekea Ziwa Rukwa hawatacheka sana, maana wanajua unyayo wa kiboko ulivyo na kina. Nimeitaja sheria hiyo kwa sababu yaonyesha jambo moja la kupendeza. Kitabu cha sheria kilitoka mbali, lakini uwanja mdogo hujifunza tabia za mahali pake. Vivyo hivyo, katika sehemu kavu ambako majani laini hayakuota, watu walitandaza mchanga uliochanganywa na mafuta kuzunguka shimo, nao mchezaji husawazisha njia ya mpira wake kwanza, kama mama anayesawazisha nafaka juani.

Hapa kwetu Tanzania, Moshi pana uwanja wa mashimo 9, Arusha pana mwingine, na Morogoro pana mwingine. Nitawaeleza huo wa Morogoro, kwa sababu tunaunganishwa nao na barabara yetu wenyewe. Barabara kuu ipitayo Tunduma kutoka Zambia huenda Mbeya, Makambako, Mafinga, Iringa, ikashuka Mikumi, ikafika Morogoro. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Madereva wengi hupita hapo bila kujua kuwa mjini, chini ya milima ya Uluguru, upo uwanja wa Klabu ya Gymkhana. Neno hilo "gymkhana" Waingereza walilitoa India, wakalipa klabu nyingi za michezo walizozianzisha. Zamani za ukoloni klabu nyingi za namna hiyo zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa kazi tu: kukata majani, kupika, kuhudumia, au kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Mbebaji huyo huitwa kedi.

Mimi nilifika Morogoro kwa mafunzo ya kazi, na jioni moja, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaenda kusimama kando ya uwanja. Sikuona kitu cha ajabu. Niliona majani, miti mikubwa ya zamani, na ukungu ukishuka Uluguru kama ushukavyo milima ya Ileje wakati wa masika. Karibu nami alikuwa ameketi mzee mmoja aliyekuwa kedi tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unacheza?"

"Hapana mzee, natazama tu. Lakini naona wale walikwisha pita hapa. Mbona wanarudi?"

Akacheka. "Hawajapotea. Ni duru ya pili."

Nikamwuliza kama hawachoki na mashimo yale yale. Akanijibu, "Duru ya kwanza mtu hulaumu shimo. Atasema mti umekaa vibaya, majani marefu, upepo. Duru ya pili mti ni ule ule, na alikwisha uona. Hapo ndipo mimi humjua mchezaji."

Aliniambia pia kwamba alijifunza mchezo kwa kubeba mfuko. Alitazama bwana wake anavyokosea, akaweka moyoni, na jioni watu wakiisha kwenda alijaribu mwenyewe kwa fimbo kuukuu. Ndugu msomaji, wachezaji wengi hodari wa Afrika Mashariki, wanaolipwa kwa kucheza, walianza hivyo hivyo, kwa kubeba mifuko ya watu wengine. Walikuwa wakiuzunguka uwanja ule ule mdogo kila siku, hata wakalijua kila bonde na kila kichuguu. Uwanja mpana wa kitajiri humpendeza mgeni kwa siku moja. Uwanja mdogo humfundisha mwenyeji kwa miaka, maana humrudisha mahali alipokosea. Nadhani hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake.

Neno la yule mzee lilinichoma, na nitawaambia sababu. Mimi nilipofanya mtihani wa kidato cha 4 mara ya kwanza, nilishindwa. Niliporudi nyumbani nililaumu walimu, nililaumu njaa, nililaumu taa ya kibatari. Huenda nilikuwa na haki kiasi. Lakini mwaka wa pili nilipouomba mtihani ule tena kama mtahiniwa wa kujitegemea, niliketi chumbani na vijana wadogo kuliko mimi, nikaona aibu kubwa. Maswali yalikuwa ya namna ile ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimegeuka, kwa kuwa sasa nilijua mahali ninapokosea: nilikuwa nikijibu kabla ya kusoma swali mpaka mwisho. Nilifaulu. Kama ningaliona aibu kurudi, leo nisingalikuwa naandika maneno haya.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wenye mvi waliketi chini ya miti na mbao za kuandikia. Mwaka 2021 Serikali ilifungua njia kwa wanafunzi waliokatiza masomo, pamoja na wasichana waliopata watoto, warudi katika shule rasmi. Mlango upo. Hata hivyo, katika kazi yangu huku mpakani nakutana na mama auzaye mchele, au kijana afanyaye kazi ya kupakia malori yaendayo Nakonde, aliyeacha shule darasa la 5. Humwuliza, "Kwa nini hurudi?" Hunijibu, "Mwalimu, mimi nilikwisha pita huko." Basi siku hizi namweleza habari za uwanja wa Morogoro. Namwambia, hata wakubwa wenye mifuko ya ngozi na viatu vya gharama wakimaliza shimo la tisa hurudi la kwanza, wala hapana awachekaye, maana hiyo ndiyo duru ya pili.

Kabla sijamaliza, lipo jambo moja la kuangalia. Mtu hawezi kurudi mahali ambapo hapapo tena. Uwanja wa zamani hudumu kwa sababu kila mwaka watu hukata majani yake, hupanda mti badala ya ule ulioanguka, na husema "hapana" kwa mwenye kutaka kipande kidogo cha kujenga duka. Kipande kidogo leo, kipande kidogo mwakani, na baada ya miaka kumi uwanja umekuwa jina tu. Mji wetu wa Tunduma unasongamana. Vijiji vyetu vinayo mamlaka ya kupanga na kutenga ardhi yao kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mpango huo huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kiwanja cha mpira cha shule, mti wa kukutania, uwanja wa ngoma: hivi ndivyo mashimo tisa yetu. Vitengwe, viandikwe, vipandwe miti mipakani, ili watoto wetu wapate mahali pa kurudi.

Sasa nawaachia maswali ya kujadili katika kikundi chenu. Mwenye kusoma vizuri na awasomee wenzake, na kila mmoja apewe nafasi ya kusema.

1. Taja jambo moja uliloshindwa mara ya kwanza. Ulilaumu nini? Ungelifanya tena leo, ungegeuza nini?

2. Yule mzee alijifunza kwa kutazama wengine wakikosea. Je, katika kazi yako, nani anajifunza kwa kukutazama wewe?

3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni mahali gani pa wazi pamebaki tangu zamani? Nani anapatunza? Je, pameandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi?

4. Je, yupo jirani yenu aliyeacha masomo na anaona aibu kurudi? Kikundi kitamsaidiaje?

Kabla ya kukutana tena, nendeni mkapime kwa hatua kiwanja cha shule yenu, mwandike urefu na upana wake, na karatasi hiyo mwihifadhi pamoja na kumbukumbu za kikundi. Mwakani mtapima tena, mwone kama hesabu ni ile ile.

Kwaherini, ndugu zangu. Tukijaliwa tutaonana katika somo lijalo.