Jirani Akipima Viwanja, Sisi Tunajibu Nini?

(Hotuba kwa vijana wa chama, Mkunya, Newala)

 

Leo siongelei Dodoma wala Dar es Salaam. Naongelea bikoni. Kile kipande cha zege unachokikuta asubuhi katikati ya mikorosho, na hakuna wa kukwambia kimewekwa na nani.

Tuelewane mapema. Hatupingi nyumba. Kijana wa Mkunya anataka kiwanja kama anavyokitaka kijana wa Masasi. Tunachopinga ni halmashauri kukaa kimya wakati majirani wanapanga.

Mwaka 1995 Tandahimba ilimegwa kutoka Newala. Baadaye Newala yenyewe ikawa na halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Masasi hivyo hivyo. Kila moja ina mkurugenzi wake, baraza lake na mipango yake ya viwanja. Sawa. Lakini maji je? Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka Mitema, kule Kitangari, yanapanda huku juu na kugawanywa Newala, Tandahimba mpaka Nanyamba. Jirani akiongeza nyumba elfu moja, foleni ya ndoo inarefuka kwako, hata kama wewe hujajenga hata choo. Mvua nayo haijui mpaka wa halmashauri. Mabati yakijaa huku juu bila mitaro, korongo linachimbika kwa aliyeko chini. Waliosimama Shimo la Mungu wakatazama bondeni wananielewa.

Kwa nini halmashauri zinakimbilia viwanja? Tuseme ukweli. Kwenye programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha, serikali inazikopesha fedha za kupima. Zinauza viwanja, zinarudisha mkopo. Anayedaiwa anatafuta ardhi ya bei rahisi, na ardhi ya bei rahisi iko pembezoni mwa mji. Yaani kwenye shamba la mama yako.

Sasa shikeni hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 4: ardhi ya kijiji haigeuki kuwa ya mji kwa neno la afisa ardhi. Mwenye mamlaka ya kuihamisha ni Rais. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Na haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa. Kwa mlio kwenye mitaa ya mji, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka rasimu ya mpango iwekwe wazi, wananchi waione na watoe pingamizi.

Na fidia si hela ya soda. Mkorosho si mahindi. Unaupanda, unausubiri miaka 3 au zaidi ndipo uanze kuokota, halafu unalisha nyumba miaka na miaka. Mzee aliyesomesha watoto kwa korosho usimlipe kama mtu aliyekatiwa ua.

Mnawakumbuka wenzetu wa Kigamboni? Mwaka 2008 waliambiwa mji mpya unakuja, wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Huwezi kujenga, huwezi kuongeza chumba, fidia huioni. Miaka ikakatika. Mji ule wa kwenye michoro haukujengwa. Ndiyo gharama ya mpango unaomfikia mwananchi wa mwisho.

Kwa hiyo tunaitaka halmashauri yetu ijibu mipango ya majirani kwa maandishi, na jibu lisomwe kwenye mikutano ya vijiji na mitaa. Lijibu mambo matatu. Moja: nyumba hizo zitakunywa maji gani, na sisi tutabaki na ndoo ngapi? Mbili: ni mashamba ya nani yanaguswa, na fidia inatoka mfuko gani, lini? Tatu: watoto wa nyumba hizo watasoma shule ipi na watatibiwa zahanati ipi? Kama ni zetu, basi tukae meza moja tugawane gharama. Kama tunaweza kunywa chanzo kimoja, hatushindwi kukaa kikao kimoja.

Halafu tujiseme na sisi. Mkutano wa chama tunajaa, tunaimba, tunapiga picha. Mkutano mkuu wa kijiji tunawaachia wazee kumi chini ya mwembe. Ule mkutano ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa uitwe kila baada ya miezi 3. Hekta 250 zinaweza kupita pale mchana mmoja, wewe uko kijiweni unabishana Simba na Yanga. Mihtasari ikionyesha wananchi waliridhia, utakwenda kulalamika wapi?

Wazee wetu miaka ya 1970 walihamishwa kuingizwa vijijini, wengi bila kuulizwa. Sisi leo tuna sheria inayosema tuulizwe. Tusiipoteze kwa uvivu.

Kazi ya kuanzia kesho ni hii. Nenda kwa mtendaji wako, muulize kwa heshima: mkutano ujao lini, na kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Kama upo, omba kuuona. Kama haupo, hiyo ndiyo iwe ajenda yako ya kwanza. Uende na mama yako, maana shamba ni lake.