Rekodi ya Joto la Kontena: Mkulima wa Parachichi Naye Apewe Nakala

Hotuba kwa vyama vya ushirika vya wakulima wa parachichi



Mwaka wa 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia kontena moja la baridi lililobeba waridi na parachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi. Safari ilichukua siku 34 hivi, 10 kati yake zikiishia kusubiri karatasi. Watu na mashirika karibu 30 yalishughulikia mzigo huo. Mkulima anapoambiwa kwamba matunda yake "yamefika laini", huo ndio msururu anaobishana nao. Mkononi ana simu tu, yenye picha za matunda yaliyooza na hesabu iliyokwisha kukatwa.

Ushahidi upo. Kontena la baridi lina vihisi vinavyoandika joto la hewa inayopulizwa kwenye mzigo na ile inayorudi kutoka kwenye mzigo. Muuzaji pia anaweza kuweka kifaa kidogo cha kurekodi joto katikati ya katoni. Parachichi aina ya Hass kwa kawaida husafirishwa kwenye nyuzi 5 hadi 7 hivi. Ikumbukwe kwamba mtambo wa kontena umeundwa kudumisha baridi; haukuundwa kupoza matunda yaliyopakiwa yakiwa na joto la shambani.

Kwa hivyo hewa inayorudi ikiwa na joto tangu siku ya kwanza, huku inayopulizwa iko sawa, wa kuulizwa kwanza ni pakihausi. Joto likipanda ghafla katikati ya safari, huenda umeme ulikatika, na hapo aulizwe aliyekuwa na kontena saa hiyo. Na mstari ukinyooka mwanzo hadi mwisho? Wakulima wasishangilie mapema. Tunda lililochumwa changa, au lililokaa juani kando ya barabara likisubiri lori, halitetewi na rekodi ya kontena. Tena mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, na tunda huendelea kuzeeka hata kwenye baridi nzuri.

Jambo dogo linalowaponza wengi ni saa. Vifaa vingi huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Umeme uliokatika Mombasa saa nane usiku husomeka kana kwamba ulikatika saa tano usiku, tarehe ya jana yake, na lawama ikamwangukia dereva wa lori asiye na kosa.

Rekodi iliyo mkononi mwa upande mmoja haimalizi ugomvi, kwa sababu mwenye nayo huonyesha ukurasa anaoutaka. Muuzaji, mnunuzi, kampuni ya bima na chama wapate faili nzima kwa wakati mmoja. Picha ya grafu haitoshi.

Muda nao ni mfupi. Kwa sheria ya Kenya ya usafirishaji wa bidhaa baharini, uharibifu usioonekana kwa nje huarifiwa kwa maandishi ndani ya siku 3 baada ya mzigo kupokelewa. Bila hivyo huchukuliwa kwamba ulifika salama hadi ithibitishwe vingine. Kesi dhidi ya mwenye meli hufunguliwa ndani ya mwaka 1. Mkulima mdogo kwa kawaida si mhusika wa mkataba huo wa meli. Nguvu yake iko kwenye mkataba kati ya chama na muuzaji nje.

Mkataba huo utaje joto lililokubaliwa, namba ya kifaa, saa itakayotumika na siku ambazo nakala lazima iwe imefika kwa chama. Useme pia kwamba hakuna makato ya ubora kabla ya nakala hiyo. Chama ambacho kimeshatia sahihi bado kinaweza kuomba kifungu hicho kiongezwe kwa maandishi, kabla lori la kwanza halijapakiwa.