Chuma kwa Njia ya Mshipa: Tuanzie Wodi ya Wazazi

Hoja yangu jioni hii kwenu, waganga, wauguzi, wakunga na wananchi wa Mkoa wa Katavi, ni moja. Dripu za chuma ni ghali, na kwa muda mrefu zitakuwa chache kuliko wanaozihitaji. Kwa uchache huo, nasema ziende kwanza kwa mama aliyejifungua huku damu yake ikiwa pungufu, apewe kabla hajaruhusiwa kutoka wodini. Wengi wangezipeleka kwanza kliniki ya wajawazito, na sababu zao ni nzito. Lakini ushahidi tulionao unanivuta upande wa wodi.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na kwa wajawazito asilimia 57. Utafiti huohuo uliiweka Katavi mbele ya mikoa yote kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Binti wa miaka 16 anagawana chuma na mtoto tumboni wakati mwili wake mwenyewe bado unakua. Ongezeni malaria, safura na kichocho, na mlo wa ugali unaosindikizwa na chai, ambayo huzuia chuma kufyonzwa, mtaelewa kwa nini mabinti hawa hufika leba wakiwa hawana akiba. Na leba haisamehe. Uchambuzi wa wanawake zaidi ya 10,000 walioshiriki jaribio la WOMAN-2, katika Pakistan, Nigeria, Zambia na hapa kwetu Tanzania, ulionyesha kuwa mwenye upungufu mkali, yaani hemoglobini chini ya gramu 7 kwa desilita, alikabiliwa na hatari ya kufa au kuponea chupuchupu takriban mara saba ya mwenye upungufu wa wastani.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukueni mama mwenye lita nne za damu, ambaye kipimo chake baada ya kujifungua ni gramu 8 kwa desilita. Kumfikisha 12 kunahitaji gramu 160 za hemoglobini, na kila gramu hubeba miligramu 3.4 za chuma. Hiyo ni kama miligramu 540, kabla hatujaweka hata punje ya akiba. Kidonge cha kuongeza damu kina chuma cha miligramu 60, na tukikadiria kwamba mwili unachukua sehemu moja ya kumi, anapata sita kwa siku. Ni siku 90 za kumeza bila kuruka hata moja, huku kichefuchefu na choo kigumu vikimshawishi aache. Akiugua malaria, ini hutoa kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Hapo hata mama mtiifu kuliko wote anameza bure. Dripu inaukwepa utumbo kabisa. Miligramu 1,000 za feriki kaboksimaltosi, zikichanganywa kwenye maji ya chumvi, huingia kwa dakika 15, nyeusi kidogo kama chai ya rangi iliyokolea. Muuguzi hatakiwi kubandua jicho kwenye sindano, kwa sababu dawa ikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia kwenye ngozi ambalo linaweza kudumu miaka.

Hesabu peke yake haitoshi. Hapa Tanzania, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 230 waliojifungua wakiwa na upungufu wa chuma, Bagamoyo na Mwananyamala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya wiki sita, takriban wanane kati ya kumi waliopata dripu walikuwa na damu ya kawaida, kwa waliopewa vidonge ilikuwa kama nusu. Malawi, jaribio la REVAMP liliwapa wanawake 862 dripu au vidonge katika miezi ya kati ya ujauzito, na mwaka 2023 likatangaza kwamba, ingawa akiba ya chuma ilipanda, upungufu wa damu karibu na kujifungua haukutofautiana vya kutosha. Naamini tofauti hii kati ya majaribio mawili ina maana. Katika ujauzito maji ya damu huongezeka, mtoto anachota, na malaria inashusha damu kwa njia ambazo chuma hakizizibi. Baada ya kujifungua mchotaji ametoka, maji yanapungua, na mama yupo kitandani mbele ya muuguzi. Kesho atapanda gari kurudi Mishamo au Karema, na kumpata tena itakuwa kazi.

Nitaulizwa kuhusu malaria, na ni haki. Mwaka 2006 utafiti wa Pemba ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa na kufa zaidi. Onyo hilo halifutiki kwa watoto, lakini Malawi, nchi yenye malaria kama sisi, haikuona ongezeko la ugonjwa huo kwa wajawazito waliopata dripu. Mwenye homa au maambukizi makali asubiri. Wapo pia wanaokumbuka dawa za zamani za chuma zilizoleta mzio wa kuua. Za sasa ni salama zaidi, ila adrenalini iwe mkononi na mama aangaliwe nusu saa. Pingamizi la bei ndilo gumu zaidi kwangu, kwani dripu moja ni ghali mara nyingi kuliko vidonge. Hata hivyo, chupa ya damu nayo ina gharama: mchangiaji, vipimo vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na jokofu lisilozimika. Kila mama tunayemrudisha nyumbani na gramu 8 ni mteja mtarajiwa wa chupa hiyo katika uzazi ujao, ambao kwa mabinti wetu hauchelewi.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwa uongozi wa mkoa halihusu dawa. Kila mzazi apimwe wingi wa damu kabla ya kuruhusiwa, namba iandikwe kwenye kadi yake, na kila mwezi wodi itoe hesabu ya walioondoka wakiwa chini ya 10. Hesabu hiyo ndiyo itakayotuambia tuagize dripu ngapi.