Kurusha Tufe Bila Kuumiza Viungo

Hotuba ya ofisa wa michezo wa polisi kwa vijana, wazazi na walimu wa pande zote mbili za mpaka, Busia



Askari polisi anaposimama mbele ya umati, watu hutarajia habari za magendo na vitambulisho. Leo sikuja kwa hayo. Nimekuja kuzungumza juu ya bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kiuno na goti. Katika mji huu, wenye jina moja katika nchi mbili, vijana wengi hula kwa nguvu za mabega yao. Hupakia na kupakua magunia ya mahindi, huendesha baiskeli za mizigo, husukuma mikokoteni. Jioni vijana haohao huja uwanjani kurusha tufe. Bega linaloumizwa jioni ndilo linalosubiriwa na gunia asubuhi. Kwa hiyo jambo hili ni la riziki kama lilivyo la mchezo.

Nianze na uzito. Kanuni za kimataifa za riadha hazimpi kila mtu tufe la namna moja. Mwanamume mzima hurusha tufe la kilo 7.26, na mwanamke la kilo 4. Wavulana walio chini ya miaka 20 hutumia kilo 6, na walio chini ya miaka 18 hutumia kilo 5. Wasichana walio chini ya miaka 18 hutumia kilo 3. Tena uzito hupungua umri unapopanda. Katika mashindano ya wakongwe, mwanamume aliyetimiza miaka 50 hupewa kilo 6, aliyetimiza 60 hupewa kilo 5, na aliyetimiza 70 hupewa kilo 4. Kama mabingwa wa dunia hawaoni haya kufuata ngazi hizi, kwa nini kijana wa miaka 15 aone haya kuliacha tufe la baba yake?

Mifupa ya kijana anayekua ina sehemu za gegedu karibu na ncha zake, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Sehemu hizo bado ni dhaifu. Zikilemewa mara kwa mara, huvimba na kuuma, na huenda zikadhurika kwa muda mrefu. Wazazi na walimu, msimsifu mtoto kwa kunyanyua kisichomfaa.

Najua wengi hawana tufe la dukani. Wanatumia jiwe la mtoni au kopo lililojazwa saruji. Sikatazi, ila lipimeni kwanza kwenye mizani ya muuza nafaka, kisha andikeni uzito wake kwa rangi. Liwe la mviringo, lisilo na kona, nalo litoshe mkononi.

Hata ukiujua uzito wa umri wako, jipime mwenyewe. Weka tufe kwenye mashina ya vidole, si katikati ya kiganja, ulilaze shingoni chini ya taya, kisha inua kiwiko kiwe nje. Simama hivyo ukihesabu hadi kumi. Kifundo kikikunjika nyuma au kiwiko kikishuka, tufe hilo limekuzidi leo. Chukua jepesi zaidi. Mtupo wa tufe jepesi uliofuata njia yake sawasawa hufundisha mwili. Mtupo wa tufe zito uliopotoka huufundisha mwili kosa.

Sasa namna ya kurusha. Lugha yetu husema kurusha tufe, hata kutupa tufe, na neno hilo limewapoteza wengi. Kwa kweli tufe husukumwa. Kanuni inataka mkono mmoja tu, tufe liguse shingo au kidevu au liwe karibu sana, mkono usishuke chini ya hapo, na tufe lisipelekwe nyuma ya mstari wa mabega. Kanuni hiyo pia ni kinga. Anayelivuta tufe nyuma na kulivurumisha kama anayeangua embe hulitwisha bega na kiwiko mzigo ambao havikuumbwa kuubeba kwa mwendo huo.

Nguvu ianzie ardhini. Piga magoti kidogo, sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, zungusha nyonga, kifua kifuate, na mkono uwe wa mwisho. Mguu wa nyuma uzunguke pamoja na nyonga. Unyayo ukiganda chini huku mwili unageuka, goti na kiuno ndivyo vinavyosokotwa. Anayerusha kwa mkono peke yake atachoka mapema, naye hatafika mbali.

Pasheni mwili moto kabla ya kuanza. Anayeanza atosheke na mitupo kumi na tano hadi ishirini kwa siku, kisha apumzike siku moja kabla ya kurudia. Siku uliyoshinda ukibeba magunia, usiliguse tufe. Fanya mazoezi ya miguu tu au tazama wenzako. Bandu bandu huisha gogo, na viungo huisha vivyo hivyo.

Sisi polisi huwaomba wananchi watoe taarifa mapema, kwa kuwa taarifa iliyofichwa huzaa hasara. Maumivu nayo ni taarifa. Misuli kuuma kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi ni jambo la kawaida. Lakini maumivu makali ndani ya kiungo, uvimbe, ganzi vidoleni, au bega linalokunyima usingizi ni amri ya kusimama. Pumzisha kiungo na ukikande kwa kitambaa cha maji baridi. Usimeze dawa ya kutuliza maumivu ili uendelee kurusha; huko ni kumnyamazisha shahidi. Mkono usipoinuka, au kiungo kikionekana kimetoka mahali pake, usikubali kuvutwa na asiye na ujuzi. Nenda kituo cha afya.

Mwisho, usalama wa wengine. Mtu yeyote asisimame mbele ya mrushaji. Matufe yaokotwe wote wakishamaliza, nayo yarudishwe kwa mkono, yasirushwe.

Ndugu zangu, uwanja huu unawakutanisha vijana wa nchi mbili bila kuulizana pasi. Tungependa waendelee kukutana hapa miaka mingi, wakiwa na mabega mazima ya kuwalisha wazazi wao na kuwabeba watoto wao. Mwalimu atakayehitaji kupimiwa matufe ya shule yake, aje kituoni wakati wowote wa kazi, nasi tutampokea.