Orodha Tuliyoifunga Mapema

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Garsen na vijiji vya kando ya mto)

 

Kina mama, wazee, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kana kwamba mnapita tu, karibuni mkae. Tuliombwa tuzungumze juu ya nabii Mika na yale mambo matatu yake: haki, huruma na unyenyekevu. Wengi wetu tunayajua kwa moyo. Tunayasikia kwenye mahubiri, tunaitikia, tunaenda nyumbani kupika.

Lakini Mika huyu alikuwa mtu gani? Alikuwa mtu wa kijijini, wa mahali panapoitwa Moreshethi, si wa mji mkuu Yerusalemu. Aliwakemea watu wenye nguvu ambao wakitamani shamba la mwenzao wanalichukua. Tena katika sura hiyo hiyo ya mambo matatu, ukisoma mistari michache mbele utamkuta amefika kwenye mizani ya hila na mawe ya kupimia ya udanganyifu. Yaani nabii ametoka kuzungumza habari za Mungu, mara ameingia dukani! Sisi tungesema ameikuta gorogoro iliyobonyezwa chini ili mahindi yasijae.

Basi nasi leo tuzungumze habari za vipimo, na tuanze na kipimo chetu wenyewe, kwa sababu tulipima vibaya.

Mnakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 2023. Mto Tana ulifurika, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa na maji, watu wakahamia sehemu za juu na watoto na kuku. Msaada ulipopatikana, yaani unga, maharagwe, mafuta na neti za mbu, sisi wahudumu tukapewa kazi ya kuandika majina pamoja na kamati za vikundi. Tulikaa chini ya mwembe, karani na kitabu chake, tukaandika siku mbili. Nani nyumba imeanguka? Nani shamba limekwenda na maji? Tukafunga orodha, mwenyekiti akatia sahihi, tukajisikia watu wema kabisa.

Ile orodha karibu yote ilikuwa ya wakulima. Wafugaji hawakuwamo. Tulipoulizana tukasema, "Hawakuwepo." Ni kweli hawakuwepo pale chini ya mwembe. Maji yakipanda mfugaji hakai kambini, anaondoka na ng'ombe wake kwenda nchi kavu, na hilo hata mtoto wa Garsen analijua. Hatukuwafuata. Matope yalikuwa mengi, nauli ya pikipiki ilikuwa imepanda, na tuseme ukweli, tulikuwa tumechoka na waliotuzunguka walikuwa ni watu wetu tunaosali nao.

Siku ya kugawa akaja mama mmoja wa Kiorma na jerikeni mkononi. Hakupiga kelele. Alimwuliza karani, "Jina langu mmeliandika ukurasa gani?" Karani akafunua, akafunua tena. Yule mama akasema, "Mmeandika wenye nyumba zilizoanguka. Sisi nyumba tunazibeba. Na mbuzi waliochukuliwa na maji, wao hawana karatasi?"

Tulikosa jibu.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hata kwenye mafunzo ya diploma hatukulipata sawasawa. Huruma ni tamu kwa anayeitoa. Ukigawa unga unashukuriwa, unapigiwa vigelegele. Kuandika orodha ya haki hakuna anayekupigia vigelegele, na pengine utachukiwa. Kwa hiyo sisi watu wa misaada tunakimbilia huruma na kuiruka haki, na ule unga wenyewe unageuka kuwa tusi kwa aliyeachwa nje.

Na hapa kwetu tusi la namna hiyo si dogo. Tarehe 22 Agosti 2012 watu wasiopungua 52 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao kina mama na watoto. Septemba ikawa Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako hata askari polisi walikufa. Desemba ikawa Kipao. Na mwaka 2001 damu ilikuwa imekwisha kumwagika kati ya jamii hizi hizi, Wapokomo na Waorma. Wengine walisema ni siasa, wengine ardhi, wengine malisho, na Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Sisi hatuna cha kuongeza juu ya tume. Tunasema tu kwamba mtu aliyezoea kuambiwa "hukuwepo" siku ya kuandikwa haoni sababu ya kuwaamini wale walioshika kalamu.

Haya. Tuliitisha mkutano wa kikundi tukauliza, je, tuifungue orodha? Kuifungua maana yake kila aliyeandikwa apunguziwe, kwa sababu magunia yalikuwa yale yale.

Kulikuwa na moto! Mwanachama mmoja akasimama: "Hawa ng'ombe zao walikula mahindi yangu kabla ya maji kuja. Sasa nigawane nao na huu unga?" Tusimcheke. Shamba la kando ya mto ni mwaka mzima wa mtu, ni karo na ni dawa. Ng'ombe wakipita usiku mmoja, mwaka umekwisha. Tena upande wa pili naye mfugaji anafika na mifugo yenye kiu, anaikuta malka, ile njia ya mifugo kwenda mtoni ambayo baba yake aliipita, imelimwa na kuzungushiwa miba. Mto wa kudumu ni mmoja tu huku kwetu. Ampeleke wapi ng'ombe?

Mama mzee mmoja, yule anayeuza maembe njia ya kwenda Idsowe, ndiye aliyesema neno likakaa. Alisema madai ya mahindi yana siku yake na wazee wake, yapelekwe huko yakasikilizwe, na aliyekula alipe. Lakini mtoto wa yule mama wa jerikeni hakula mahindi ya mtu. Kwa maneno mengine, usichukue deni la haki ukalilipisha kwenye sahani ya huruma. Alikuwa hajui kusoma, lakini vipimo anavijua.

Tukapiga kura kwa mikono. Orodha ikafunguliwa. Hatutawadanganya kwamba wote walifurahi. Wanachama wawili walichukua sehemu yao, wakaondoka, na kwenye mzunguko hawajarudi.

Halafu ikabaki ile sehemu ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote mbili. Mmoja wetu alipendekeza tuandike barua ya kuomba radhi, ipitie kwa chifu. Barua ni rahisi, haikutazami usoni. Tukaenda wenyewe. Tulitembea tangu asubuhi, tukaketi kwenye mkeka, na wazee wakatusema. Walisema mambo ya unga, wakarudi nyuma mpaka mambo ya zamani ambayo wengine wetu hatukuwa tumefika hapa. Kila mara mmoja wetu akitaka kujieleza, mwenzake alimgusa mguu anyamaze. Tulipomaliza kusemwa tukaletewa chai ya maziwa. Hakuna aliyesema "tumewasamehe". Walituuliza tu kama tutakuja tena, na lini.

Tulikwenda tena. Tangu hapo tumekubaliana katika vikundi viwili kwamba orodha yoyote iandikwe mahali pawili, kijijini na kwenye malisho, na karani wawe wawili, mkulima na mfugaji, na isifungwe mpaka isomwe kwa sauti mbele ya pande zote. Inachelewesha kazi, ndiyo. Wanaotuletea msaada wanalalamika kwamba tunachukua muda mrefu.

Sasa kabla ya masika tunataka kuitembea malka inayobishaniwa, kwa miguu, wazee wa Kipokomo na wa Kiorma pamoja, na kamba ya kupimia. Wanaotaka kwenda wabaki hapa baada ya chakula waandikwe. Na wale wanachama wawili, akiba yao bado iko kwenye kitabu, mweka hazina hajaigusa. Anayewafahamu awapelekee salamu.